Waje na Njaa

Klementina alikuwa fundi cherehani wa Sumbawanga mjini, mama wa miaka arobaini na kitu, na baiskeli aliianza kwa amri ya daktari. Presha ilikuwa imempanda. Daktari akamwambia afanye mazoezi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukimbia barabarani huku wateja wake wakimwangalia, alinunua baiskeli ya gia iliyotumika. Presha ilishuka mwaka uleule. Baiskeli yenyewe haikumtoka tena kichwani.

Alikuwa na tabia moja ambayo wateja waliipenda na ndugu iliwachosha: hakutaka kumsumbua mtu. Akienda msibani, anabeba maji yake ya kunywa. Akialikwa chakula, anafika ameshakula. Mabegi ya kuning'iniza pembeni mwa keria alijishonea mwenyewe kwa turubai la lori, akayawekea mifuko ya ndani ya kitenge, na kila kitu kikawa na mahali pake: viraka, pampu, mchele, samaki wa kopo, majani ya chai, na jiko dogo la gesi lililoenea kwenye kiganja. Jiko hilo alilipenda kuliko vyombo vyote vya nyumbani kwake. Kwa jiko lile, alisema, mtu anaweza kuzunguka dunia nzima bila kumgongea mtu mlango.

Mwaka huo alikuwa amejiunga na kikundi cha waendesha baiskeli wa Mbeya, watu wa kazi mbalimbali wanaopenda kutoka pamoja sikukuu zinapofika. Walipokuwa wanatafuta safari ya siku chache, yeye aliwapa wazo la Ufipa, kwao. Waje mpaka Sumbawanga, washuke Mpui kwa lami, kisha waiache lami na kukata uwanda wa juu mpaka Mwazye, halafu warudi kwa njia ya Matai. Aliwatumia picha za vilima vya majani na anga lisilo na mwisho. Wakazisifu, na mara utani ukaanza kwenye simu.

"Huko si ndiko unalala ndani unaamka nje?" mmoja aliandika.

"Mimi nitafunga kamba mguuni," mwingine akajibu, na wengine wakafuatisha vicheko.

Mtu wa Sumbawanga hujifunza mapema kuucheka utani huo kabla mwenzake hajaumaliza. Popote aendapo, akitaja kwao, wenzake wanamkumbusha uchawi. Klementina naye alicheka. Kisha akaandika, ili mambo yaishe: "Msiogope. Mtabeba chakula chenu na hema zenu. Hamtakula kwa mtu." Utani ukaisha kweli. Wakakubali safari, kwa sharti moja: mwenzao Timoth atangulie na Klementina kuikagua njia. Aangalie maji yako wapi, maduka yako wapi, na watalala wapi. Kati ya Mpui na Mwazye barabara ni mbovu na ina vilima, mwenye mizigo hawezi kuimaliza kwa siku moja na akafika akiwa na hali njema. Lazima pawe na mahali pa kulala katikati. Pasipopatikana, kikundi kingepita lami mpaka Tunduma na kurudi zao Mbeya, na Ufipa wangeiona kwa pembeni tu, kama abiria wa basi.

Klementina alitaka waje. Alikuwa hajataka jambo kwa namna hiyo kwa muda mrefu. Alitaka wapande vilima vya nchi ya baba yake, upepo uwapige, na siku nyingine mtu akianza ule utani wao wawe wa kwanza kumnyamazisha.

Basi wakaondoka, mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali na maharage yakiwa yamekauka mashambani. Timoth alikuwa mwanaume mpole, karani wa ghala la mbolea, mwembamba, asiyeongea sana na anayependa kila alichokiona. Siku ya kwanza ilikuwa lami na mteremko wa hapa na pale. Walilala gesti ya Mpui, wakanunua karanga, biskuti na maji ya chupa. Asubuhi wakaingia barabara ya vumbi.

Huko ndiko raha ilikoanzia. Vilima vilikuja kimoja baada ya kingine, vimevaa majani ya rangi ya simba, na katikati yake mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa. Kila walipopita, watu waliokuwa wanapura maharage uani walinyoosha migongo na kuwapungia. Timoth alisimama kwenye kila bomba la maji, akalipiga picha, akaandika jina la mahali kwenye simu yake. Alisimama kwenye kila duka pia. "Dada Klementina," alisema, "njia hii inafaa. Sasa nionyeshe tu pa kulala."

Pa kulala palikuwa Nsamba, kitongoji kilichokaa juu ya mgongo wa kilima, na mikaratusi mirefu mbele ya kanisa la kigango chake. Walifika jua likiwa bado lina nguvu. Kama inavyotakiwa, walikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, Basil, mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya sweta la shule la mtu mwingine. Walimwamkia, wakamweleza kwamba wanaomba mahali pa kusimamisha hema, labda uwanja wa shule.

"Uwanja wa shule wanalala mbuzi," Basil alisema. "Nyie mna miguu miwili. Twendeni kwa shemeji yangu."

Shemeji yake aliitwa Dominika, mjane aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa na mpishi wa kila shughuli ya kigango. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye bati, na uani palitandikwa turubai lililojaa maharage. Klementina aliinama, wakasalimiana kwa kupiga viganja taratibu, kama wafanyavyo Wafipa, mara ya kwanza, mara ya pili, huku Dominika akiuliza habari za nyumbani, za njiani, za watoto na za mji. Kisha akageuka, akawatazama kuku wake kwa jicho la kuchagua.

Klementina aliliona jicho lile, akaogopa gharama yake. "Mama, usijisumbue kabisa," alisema. "Sisi tuna kila kitu chetu. Tunaomba tu sehemu ya hema."

"Chumba kipo. Nimekifagia leo asubuhi."

"Tutakuchafulia tu, mama. Hema linatutosha, kila mtu ana lake."

"Na maji ya kupikia?"

"Tunayo." Klementina aliinua chupa, kwa fahari kabisa, ili mama wa watu aone kwamba hatasumbuka hata ndoo moja.

Dominika aliingia ndani, akarudi na kikombe kikubwa cha togwa ya ulezi. Alionja yeye kwanza, kama anavyofanya kila mwenye nyumba huko, ili mgeni aone kwamba anachopewa ni kitu salama. Kisha akamnyooshea Timoth, aliyetoka mbali zaidi. Timoth akapeleka mkono tumboni, akasema, "Asante, mama, sitaweza," bila kusema kwa nini. Klementina, aliyekuwa amechuchumaa anawasha jiko lake, akasema, "Nitakunywa, mama, ngoja nimalizie chai hii." Kikombe kikawekwa juu ya kigoda. Chai ikachemka, wali ukaiva, kopo la samaki likafunguliwa, na togwa ikasahaulika pale hadi inzi akaiona. Dominika alikuja akaichukua.

"Haya," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Klementina alidhani mwenye nyumba amekwenda kupumzika. Alikula wali wake, akaosha sufuria kwa maji yake, akakusanya takataka zake kwenye mfuko wake. Alijisikia vizuri sana. Alilala akiwa na uhakika kwamba hajawahi kutokea Nsamba mgeni mwepesi kama yeye.

Asubuhi mambo yalikuwa yamebadilika. Watu waliokuwa wakiwapungia jana walikuwa na shughuli nyingi. Klementina alikwenda dukani kwa Elia, kijana mwenye kofia ya sufu, ili kununua sukari na kuangalia kama duka linaweza kulisha kikundi.

"Mambo, dada," Elia alisema.

"Poa. Nipe sukari nusu."

"Sukari imekwisha."

Gunia la sukari lilikuwa wazi nyuma yake, na kopo la kupimia limesimama ndani yake. Klementina aliliangalia, Elia naye akaliangalia. Hata biskuti, ikaonekana, zilikuwa zimekwisha.

Basil alipokuja kuwaaga, Klementina alimweleza juu ya kikundi. Watu tisa, mwezi ujao, usiku mmoja tu. Basil alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kofia mkononi. "Hapa kwetu hapana nafasi," alisema. "Watu tisa ni wengi. Mnaweza kutafuta mbele."

"Hata uwanja wa shule, mwenyekiti?"

"Uwanja wa shule nao una mambo yake."

Dominika alikuwa uani, anapura maharage. Walipomuaga aliwatakia safari njema bila kuinua macho kutoka kwenye turubai.

Wakaondoka. Barabara ilikuwa mteremko mrefu, na siku nyingine wangeshuka wakipiga kelele za furaha, lakini walishuka kimya. Chini kwenye daraja Timoth akasema, kwa upole uleule, "Watu wastaarabu, sikatai. Lakini wageni hawawataki. Na mbele ya hapo ulisema hakuna kijiji mpaka karibu na Mwazye. Mimi nadhani niwaambie wapite lami tu, dada."

Klementina alikanyaga pedali kwa nguvu. Aliwakasirikia watu wa Nsamba, na hasa yule mama wa maharage, ambaye hakuombwa hata chumvi na bado alinuna.

Kwenye njia panda palikuwa na kibanda cha chai. Mwenyewe aliitwa Monika, mama mnene, mchangamfu, ambaye aliwauliza wametoka wapi kabla hawajaegesha baiskeli.

"Nsamba," Klementina alisema. "Tulilala kwa mama Dominika."

"Kwa Dominika." Monika alitabasamu, akameza mate waziwazi. "Basi hamna hata haja ya maandazi yangu. Aliwapikia nini?"

"Hakutupikia. Tulipika wenyewe."

Monika aliweka chini birika. "Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Hatukutaka kumsumbua. Tuna jiko letu. Tulisimamisha mahema uani, tukapika, tukalala."

"Uani. Nje." Monika alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Na togwa? Dominika hawezi kukosa togwa."

"Alituletea. Akaonja, akatupa. Ila hatuku..." Klementina alisita. "Hatukuinywa."

Monika alivuta kigoda, akakaa, kama mtu anayejiandaa kutoa habari ya msiba. "Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Sumbawanga mjini. Baba yangu ni wa Mwazye."

"Basi unajua wanavyotusema huko nje. Mtu anakuja kwa Dominika, anaonjewa kikombe mbele ya macho yake na anakikataa. Anakataa chumba. Anakataa chakula, anakataa hata maji ya kisima. Kijiji kizima kinaona. Sasa niambie wewe. Dominika aelewe nini?"

Klementina alifungua mdomo kusema kwamba si hivyo, kwamba yeye ni mtu wa kutosumbua watu, kila mtu anamjua hivyo. Lakini aliyakumbuka maneno mengine. *Msiogope. Hamtakula kwa mtu.* Aliyaandika yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, kwenye simu hii iliyo mfukoni. Wenzake walipomcheka kwamba kwao ni kwa wachawi, hakuwaambia waache upuuzi. Aliwapa jiko. Dominika hakuwa amekosea chochote, alikuwa ameyaona yaliyoandikwa bila kuisoma ile simu.

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawa moto. Akamweleza Timoth yote, kwa sauti ya chini, huku Monika akijifanya anapanga maandazi na asikose hata neno.

Timoth alikuna shingo. "Na mimi nimechangia," alisema. "Nina vidonda vya tumbo. Maharage yananichoma, na kitu kichachu ndiyo kabisa. Niliona haya kumwambia mama wa watu habari za tumbo langu."

Monika akacheka mpaka kibanda kikatikisika. "Vidonda vya tumbo. Nusu ya jumuiya ya Dominika ina vidonda vya tumbo. Angekupikia uji."

Klementina alikuwa ameshageuza baiskeli. "Wewe nisubiri hapa," alimwambia Timoth. "Mimi narudi."

"Kupanda kilima kile?"

"Kilekile."

Timoth alikitazama kilima, akaitazama chai yake, akashusha pumzi. "Basi twende," alisema. Na kilima walichokishuka asubuhi kwa dakika chache kikawachukua muda wa kutosha kukijua kila jiwe. Mabegi ya turubai hayakuwahi kuwa mazito namna ile. Pahali pengine walisukuma, na Klementina alilitukana jiko lake kimoyomoyo, ingawa halikuwa hata robo ya mzigo.

Dominika alikuwa bado uani, fimbo mkononi, maganda ya maharage yakiruka miguuni pake.

"Shikamoo, mama," Klementina alisema.

"Marahaba. Mmesahau kitu?"

"Tuna njaa, mama."

Dominika aliyatazama mabegi. "Vile vya humo vimekwisha?"

"Vipo. Lakini nina njaa."

Fimbo ikapanda, ikashuka. Klementina aliona kwamba hilo peke yake halitatosha, na kwamba akiondoka sasa bila kulisema lote ataondoka nalo milele. "Nilikosa jana," alisema. "Huko Mbeya wenzangu walitutania, yale mambo ya siku zote. Nikaona aibu. Nikawaambia wasiogope, huku hawatakula kwa mtu. Niliandika mwenyewe, mama. Sikukuogopa wewe. Niliwaogopa wao."

Dominika aliacha kupura. Kwa muda alikuwa anachomoa ganda lililonasa kwenye kitenge chake. "Uliandika hivyo," alisema. "Na wewe ni wa kwetu."

"Na mimi ni wa kwetu."

"Mama wa kutoka mbali nisingemjali. Wewe nilikusikia ulivyosalimia, nikasema huyu ni mtoto wa nyumbani. Halafu ukatoa chupa." Akavuta kamasi kidogo, ya baridi au ya kitu kingine. Kisha akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Fimbo nyingine iko pale."

Klementina akaichukua. Walipura pamoja hadi mikono ya fundi cherehani, iliyozoea mkasi na sindano, ikatoa malengelenge. Timoth alipewa ungo apepete, akapeperusha maharage pamoja na maganda hadi kuku wakamkusanyikia, na Dominika akamnyang'anya ungo. Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza pembeni.

Kazi ilipokatika, Dominika aliingia ndani, akatoka na kikombe kilekile cha jana, kimejaa. Alisimama mbele ya Klementina, akakiinua taratibu kuelekea mdomoni mwake ili aonje, kama ilivyo desturi, kama alivyowaonjea wageni maisha yake yote.

Klementina akanyoosha mikono miwili na kukipokea kabla hakijafika. Akanywa. Togwa ilikuwa nzito, baridi, tamu kwa mbali na chachu kidogo mwishoni. Hakushusha kikombe mpaka kilipoisha.

"Sijaonja," Dominika alisema.

"Najua, mama."

Dominika alikipokea kikombe kitupu, akakichungulia ndani kana kwamba kuna kitu amekisahau humo. Kisha akakaa juu ya gunia, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Vumbi la haya maharage," alisema, "litanipofua siku moja." Akainuka, akamshika kuku wa kwanza aliyepita, na hakuna aliyemzuia.

Timoth alijikaza, akakohoa. "Mama, mimi naomba niseme mapema. Nina vidonda vya tumbo."

"Si ungesema jana, baba. Marehemu mume wangu aliishi navyo miaka. Huli maharage, huli pilipili, huli kitu kichachu. Utakula ugali wa ulezi na mchuzi wa kuku, asubuhi nitakupikia uji. Tumbo nalo ni kitu cha kuonea haya?"

Wakala. Sitawasumbua kwa kueleza ugali wa ulezi wa Dominika, anayeujua anaujua, na asiyeujua apande kilima kile mwenyewe. Inatosha kusema kwamba Timoth alikula kimya kama mtu aliye kanisani, na Klementina, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifika kwa watu ameshiba, aliongezwa mara mbili na mara zote mbili akakubali. Basil alitokea harufu ilipofika kwake. Akavuta kigoda. "Kumbe mmerudi," alisema, na akamega ugali. Alipokwisha kunawa akatangaza kwamba ameifikiria ile habari ya nafasi, na kwamba kuna nyumba nne ambazo vyumba vyake havina mtu, bila kuhesabu ya katekista. Elia naye alipita na mfuko wa sukari, akaukabidhi kwa Klementina bila kumtazama usoni. "Imeingia mpya," alisema.

Klementina alipokwenda kuchukua hema lake kwenye baiskeli, kwa mazoea tu, Dominika alimzuia mlangoni.

"Watu wanasema kwetu unalala ndani unaamka nje," alisema. "Nyie mlilala nje, mkaamka nje, hata hamkutupa nafasi ya kujaribu. Leo mtalala ndani tuone."

Alicheka yeye wa kwanza. Basil akafuata, na Klementina akacheka mpaka akaushikilia mlango, na safari hii hakuna aliyekuwa anamcheka.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mweupe mpaka kwenye mikaratusi. Timoth alikuwa amekaa kwenye kizingiti, blanketi mabegani, bakuli la uji wa ulezi mapajani. Klementina alitoka akamkuta anarekodi sauti ya kuwatumia wenzao.

"Jamani, ni mimi Timoth, niko Nsamba," alikuwa anasema, taratibu, kama anayetoa ripoti ya ghala. "Maji yapo. Duka lipo, sukari ipo. Pa kulala pamepatikana. Nimelala ndani, nimeamka ndani, nimefunikwa mablanketi mawili. Na ule utani wenu naomba tuuache, huku kuna watu wananipikia uji." Akafikiri kidogo. "Mahema msibebe. Chakula nacho..." Akamgeukia Dominika, aliyekuwa anapita na ndoo. "Mama, wenzetu waje na nini?"

Dominika hakusimama. "Waje na njaa," alisema, na sauti yake ikaingia kwenye simu vizuri kabisa.

Walipokuwa wanafunga mizigo, alileta unga wa ulezi na mfuko wa maharage ya njano, vyote vya Klementina, maana mwenzake alikuwa na vidonda vya tumbo. Klementina aliupima ule mzigo kwa macho. Kwenye mabegi yaliyoshonwa kwa hesabu, kila kitu na mahali pake, hapakuwa na nafasi hata ya kiberiti. Alichuchumaa, akafungua mfuko wa chini, akatoa jiko dogo la gesi na mtungi wake na sufuria yake. Unga ukaingia pale.

"Nitunzie, mama," alisema. "Nitalifuata na wenzangu."

"Na huko mbele utapikia nini?"

"Nitagonga mlango."

Dominika alilipokea jiko, akaligeuzageuza. Akasema ni kitu kizuri sana kwa mtu asiye na ndugu. Akalipeleka ndani, akaliweka juu ya kabati la vyombo, chini ya picha ya Bikira Maria, mahali ambapo kila atakayeingia angeliona na kuuliza.

Wakashuka mteremko, na safari hii walipiga kelele. Kwa Monika walisimama kunywa chai, kwa kuwa asingewasamehe wasiposimama, wakamweleza yote, naye akayasikiliza yote kama hajui. Halafu wakashika njia ya Mwazye. Baiskeli ya Klementina ilikuwa nzito kuliko ilivyotoka nyumbani, na kwenye kila kilima maharage yalimvuta nyuma. Alikanyaga polepole, akiangalia mbele kuona moshi wa jiko la nani utatokea kwanza.